Kabla Hujashika Bisibisi: Hotuba kwa Wapiga Kinanda na Walimu wa Kwaya

Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu Walutheri na Wamoraviani mliokubali kuja kukaa nasi leo, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Walimu wa kwaya, wapiga kinanda, mafundi mitambo, na nyie vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie piano ya kidijitali: namna ya kuielewa, na la kufanya inapogoma. Naomba nianze na usiku mmoja.

Wakatoliki mnaujua utaratibu. Alhamisi Kuu, Utukufu ukishaimbwa, kengele zinanyamaza na kinanda kinanyamaza. Ijumaa Kuu tunaimba kwa midomo mitupu. Halafu unakuja Mkesha wa Pasaka. Kanisa limeanza gizani, masomo yamesomwa, padre anaanzisha Utukufu, taa zote zinawaka, kengele zinapigwa kwa pamoja, na kinanda kinarudi. Kwa mpiga kinanda hakuna dakika inayosubiriwa kama hiyo mwaka mzima.

Kigangoni kwetu, mwaka huo, kwenye piano alikaa kijana wa miaka kumi na saba. Padre akaanzisha, kengele zikalia, kijana akashusha mikono yote miwili. Kimya. Taa ya piano inawaka kabisa. Akabonyeza tena, kimya. Akapandisha sauti mpaka mwisho, akazima, akawasha, kimya. Kwaya ikaingia bila kinanda, ikaanza juu mno, na soprano wakakwama kabla ya ubeti kwisha. Nilikuwa mwalimu wa kwaya ile. Nilimwona kijana anavyoangalia vidole vyake kana kwamba ndivyo vilivyokosea.

Piano ile ilinunuliwa kwa fedha za maandazi. Akina mama wa kigango waliuza miaka miwili. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, maneno yalipoanza kuzunguka kwamba kijana "kaiua piano", aliyasikia, na hakurudi kwenye mazoezi. Piano ikapelekwa mjini kwa fundi. Ikafunguliwa yote. Ikarudi na jibu kwamba bodi, ile sahani ya ndani yenye njia za umeme, imekufa na spea hakuna.

Wiki tatu baadaye nilikuwa naifuta vumbi kabla ya kuifunika. Kitambaa kikanasa kwenye tundu la hedifoni. Kulikuwa na kipande cha chuma cha rangi ya dhahabu, kimezama mpaka shingoni, kinachoonekana kama sehemu ya piano yenyewe. Ile adapta ndogo, ambayo upande mmoja inaingia kwenye tundu kubwa la piano na upande wa pili inapokea waya mwembamba wa hedifoni za simu. Nikaivuta. Nikawasha. Piano ikalia.

Kijana yule usiku wa Ijumaa Kuu alifanya mazoezi sakristia kwa hedifoni, ili asivunje ukimya wa siku ile. Alipomaliza alivuta waya wake, adapta ikabaki tunduni. Na piano, kwa jinsi ilivyotengenezwa, ikiona kitu kwenye tundu la hedifoni inafunga spika zake. Usiku wa Mkesha ilikuwa inapiga Utukufu vizuri kabisa, ila ilikuwa inaupeleka kwenye hedifoni ambazo hazikuwepo.

Lakini haikulia yote. Kii sita za katikati, yaani vile vibao vya kubonyeza kwa kidole, zilikuwa zimekufa, na hizo zilikufa kweli. Wakati wa kuifunga kule mjini, waya bapa wa ndani ulibanwa ukakatika. Piano nzima iliingia kwa fundi, ikatoka mbovu.

Ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa. Neno langu ni moja: piano ya kidijitali inapoonekana imekufa, mara nyingi inatii. Kuna mtu aliiambia jambo, kwa kitufe, kwa waya, kwa mguu, kisha akasahau. Yenyewe haikusahau. Kazi yetu ya kwanza ni kujua iliambiwa nini, na kazi hiyo haihitaji bisibisi.

Tuifuate sauti basi, kutoka kwenye kidole mpaka kwenye sikio, maana mtu asiyeijua njia hii hubaki kubahatisha.

Mwaka 1700 hivi, huko Florence, Italia, fundi aitwaye Bartolomeo Cristofori alitengeneza kinanda ambacho nyundo ndogo inaipiga nyuzi badala ya kuinyofoa. Faida yake ilikuwa kwamba ukibonyeza taratibu, sauti inatoka ndogo. Ukibonyeza kwa nguvu, inatoka kubwa. Vinanda vya kunyofoa nyuzi vya kabla yake havikuweza hivyo. Kikaitwa kwa Kiitaliano kinanda chenye piano na forte, yaani chenye sauti ya taratibu na ya nguvu, na watu wakafupisha wakabaki na neno piano. Kwa hiyo jina lenyewe linataja uwezo wa kupokea uzito wa mkono wako. Piano ya kidijitali haina nyuzi. Lazima iujue uzito huo kwa namna nyingine, na hapo ndipo penye siri yake kubwa, na penye ugonjwa wake mwingi.

Nimeleta kitu hiki mkione. Huu ni utepe wa mpira, umetoka ndani ya piano iliyokufa. Naomba uzungushwe, mshike kwa pembeni tu. Mnaona vichuguu vidogo, viwili viwili? Kila jozi inakaa chini ya kii moja. Sasa kigeuze. Ndani ya kila kichuguu kuna duara jeusi, dogo kama mbegu ya papai. Hilo lina kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Ukibonyeza kii, kichuguu cha kwanza kinagusa bodi, kisha cha pili. Vimepishana kidogo sana. Piano inapima muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda ukiwa mfupi, ina maana kii ilishuka kwa kasi, basi inatoa sauti ya nguvu. Muda ukiwa mrefu, inatoa sauti ya taratibu. Nguvu zako haizijui kabisa, kasi ndiyo inayoijua. Kasi hiyo inaipa namba kuanzia 1 mpaka 127, kwa lugha inayoitwa MIDI, ambayo watengenezaji wa vinanda walikubaliana juu yake mwaka 1983 ili chombo cha huyu kielewane na chombo cha yule. Namba ikishapatikana, ubongo wa piano unachukua sauti iliyorekodiwa kutoka kwenye piano halisi kwa kiwango kile cha mguso, unaipeleka kwenye amplifaya, na amplifaya inaisukuma spika.

Ukiishika njia hii, uko tayari kuigawa. Na kipimo cha kuigawa ninachokipenda kuliko vyote hakina gharama: pigeni wimbo wa mfano. Karibu kila piano ya kidijitali ina wimbo iliokuja nao kutoka kiwandani. Ule wimbo haupiti kwenye kii. Unaanzia kwenye ubongo. Kwa hiyo ukiuwasha ukalia vizuri, umeshajua kwamba ubongo mzima, amplifaya nzima, spika nzima, na ugonjwa uko upande wa kidole. Usipolia, geukia upande wa sikio: sauti imeshushwa? Kuna kitu kwenye tundu la hedifoni? Kisha chomeka hedifoni. Ukisikia humo lakini kwenye spika husikii, basi tatizo ni spika au amplifaya, na fundi wa redio yeyote makini anaweza kukusaidia. Kwa dakika tatu umeshaikata njia vipande vipande, na hujafungua skrubu hata moja. Usiku ule wa Pasaka mimi mwenyewe sikukijua kipimo hiki. Kingemwokoa yule kijana wiki tatu za uchungu.

Nikianza na upande wa kidole, kuna dalili moja inayotisha watu bila sababu. Wimbo wa mfano unalia, kii zote hazilii hata moja. Ukisikia hivyo, uliza kwanza nani alichomeka kompyuta au simu kwenye piano hii mara ya mwisho. Kuna mpangilio unaotenganisha kii na sauti ya ndani, ili kii zitumike kuendesha programu ya kompyuta peke yake. Kwa Kiingereza cha vitabu vya maelekezo utaukuta umeandikwa Local Control. Kijana wa studio anauzima, anarekodi, anachomoa, anaondoka, na Jumapili piano ni bubu. Uwashe tena, basi. Usipojua uko wapi, rudisha piano kwenye hali ya kiwandani. Kwenye Yamaha P-45, ambayo naiona kwenye makanisa kadhaa, unaizima, unashikilia kii ya mwisho kabisa kulia, kisha unaiwasha ukiwa umeishikilia. Piano nyingine zina njia yake, na njia hiyo imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo. Kitabu hicho, ndugu zangu, mara nyingi kimefungiwa kwenye kabati la mwenyekiti wa kwaya pamoja na risiti. Kipigwe picha kurasa zote, kila mpiga kinanda awe nacho kwenye simu yake.

Dalili nyingine: kii zote zinalia, lakini kwa sauti ile ile, ubembeleze au ugonge. Mtu amezima mguso. Ni mpangilio pia, upo kwa ajili ya watu wanaotaka hivyo. Ila angalia kwanza umechagua sauti gani. Ogani haibadiliki kwa uzito wa mkono, ndivyo ogani ilivyo duniani, na piano inamwigiza mwenzake kwa uaminifu. Rudi kwenye sauti ya piano kuu, ujaribu upya. Na kuna jambo moja linalofanana na hilo, limewahi kunifikisha safari ya kilomita arobaini kwa pikipiki. Niliambiwa kii za juu kabisa, upande wa kulia, zimekwama, zinaendelea kuvuma hata mkono ukitoka. Hazikuwa zimekwama. Piano ya nyuzi haina vizimio vya sauti kwenye nyuzi zake fupi za juu, kwa sababu zenyewe zinanyamaza upesi, na piano ya kidijitali iliyotengenezwa vizuri inaiga hata hilo. Nilimweleza Sista aliyeniita, akacheka kwa furaha, akanipa chai.

Sasa dalili ya kweli ya ugonjwa. Kii moja inapiga kelele kuliko wenzake, kila unapoigusa, hata kwa ncha ya kidole. Au hailii kabisa mpaka uigonge. Mmeshaujua utepe wa mpira, kwa hiyo mnaweza kueleza wenyewe: vumbi limeingia kati ya kaboni na bodi. Mguso mmoja umechelewa au haupo. Piano inapima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili, muda ukitoka wa uongo, hesabu inatoka ya uongo, na sauti inakuja kama ngumi. Hapa ndipo bisibisi inapopata kazi halali.

Lakini hata kabla ya hapo, zihesabu zilizokufa. Chukua karatasi, chora kii zote 88, weka alama kwenye zilizo na shida. Zikiwa mbili tatu, zimetawanyika, ni uchafu. Zikiwa zimejipanga kwa utaratibu, labda kila baada ya kii nane moja imekufa, au kundi zima linalofuatana limenyamaza, huo si uchafu. Vumbi halijui kuhesabu. Bodi inasoma kii kwa mistari, kama mwalimu anayeita majina safu kwa safu darasani. Mstari mmoja ukikatika, safu nzima inakosekana. Hapo angalia waya bapa na viungio vyake. Zile kii sita za kigangoni kwetu zilikuwa zimefuatana. Nilipoziona kwenye karatasi nilijua ni waya hata kabla sijafungua.

Kuhusu kinachopatikana ndani, naomba mnisikilize akina baba na akina mama mnaotunza makanisa. Nimetoa nta ya mishumaa ya Mkesha iliyoganda kati ya kii mbili. Nimetoa sarafu ya sadaka. Nimetoa mchanga, ganda la karanga, na mabawa ya mende kiganja kizima. Kule pwani, Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam, adui mwingine ni hewa yenyewe: ina unyevu na chumvi, na inazila shaba za bodi kimya kimya. Funika piano kwa kitambaa cha pamba kila ibada inapokwisha. Nailoni inafungia unyevu ndani, kwa hiyo pwani usiifunikie usiku kucha. Mishumaa isikae juu yake, hata siku ya harusi, hata bibi harusi akiomba kwa upole.

Turudi kwenye mguu. Pedali, kile kikanyagio cha kurefusha sauti, ndiyo imeniletea simu nyingi kuliko kitu kingine chochote, na nyingi zinaanza hivi: "Mwalimu, shikamoo, pedali imegeuka. Nikikanyaga sauti inakatika, nikiachia inavuma." Pedali haijaharibika. Ndani yake kuna swichi, na kampuni hazikukubaliana swichi hiyo ikae wazi au imefungwa mguu ukiwa haupo. Kampuni moja inaifunga, nyingine inaiacha wazi. Ukinunua pedali ya huyu ukaichomeka kwenye piano ya yule, inaweza kwenda kinyume. Pedali nyingi za kisasa zina kiswichi kidogo chini ya tumbo lake cha kugeuza. Igeuze, basi. Na piano nyingi zinaitazama pedali wakati zinapowashwa, zinaichukua hali ile kuwa ndiyo ya kupumzika. Kwa hiyo chomeka pedali kwanza, ndipo uwashe, na mguu uwe sakafuni. Mpiga kinanda aliyekaa kwa haraka, mguu tayari juu ya pedali, akawasha, amejitengenezea pedali iliyogeuka mwenyewe. Azime, aondoe mguu, awashe. Imekwisha.

Pedali inatuleta kwenye jambo ambalo watu huliita ubovu na si ubovu: sauti zinapotea katikati ya wimbo. Umeshika kodi nzito ya besi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa pedali, umepanda juu na mkono wa kulia, na ghafla besi imetoweka. Piano ya kidijitali ina idadi ya sauti inazoweza kutoa kwa mara moja. Nyingine 64, nyingine 128, nyingine 192 au zaidi. Unaona 64 ni nyingi kwa mtu mwenye vidole kumi. Lakini hesabu vizuri. Sauti ya piano iliyorekodiwa kwa masikio mawili, kushoto na kulia, inaweza kula nafasi mbili kwa kila kii. Ukiweka na sauti ya fidla nyuma yake, kama tunavyopenda wakati wa komunyo, inakula mbili nyingine. Kii moja imekula nne. Nafasi 64 zinakutosha kii 16, na pedali ikiwa chini, kila kii uliyoigusa bado inashika nafasi yake. Kodi mbili kubwa za mikono yote miwili zimeshamaliza. Piano inalazimika kuiacha ya zamani zaidi ili ipokee mpya. Dawa ni kubadilisha pedali mara kwa mara, kila kodi inapobadilika, jambo ambalo hata kimuziki ndilo sahihi. Au toa zile fidla.

Sasa nizungumzie doh, ile noti ya kwanza ya ngazi, maana walimu wa kwaya mmekuwa mkinitazama mnasubiri. Sisi tunasoma nota za tonic sol-fa. Mwalimu anasema doh ni F, kesho doh ni A flati, na kwaya inamfuata bila shida. Mpiga kinanda aliyejifunza kwa C peke yake anakimbilia kitufe cha transpozi: anapiga C, piano inatoa F. Simlaumu. Wengi tumeanzia hapo, na nimeona ibada nzuri zikiongozwa hivyo. Ila transpozi ikiachwa kwenye +5, anayekuja kupiga ibada ya pili anapiga G halisi, piano inatoa C, mpiga gitaa yuko G, na kanisa zima linasikia vita. Kabla ya ibada, piga C moja, ilinganishe na pitch pipe au programu ya simu. Kwenye piano nyingi transpozi inarudi sifuri ukizima na kuwasha. Upimaji wa sauti kwa jumla, ule unaoanzia noti A ya mitetemo 440 kwa sekunde, mara nyingi unabaki hata ukizima. Huo ndio unaotesa, kwa sababu tofauti yake ni ndogo: piano na gitaa zinakaribiana lakini hazipatani, na mpiga gitaa anakaza nyuzi zake kila wimbo bila kujua amekosea wapi.

Ndugu zangu Walutheri na Wamoraviani mna tarumbeta, na kwenu mpangilio huo ni baraka. Tarumbeta likipata joto la pumzi linapanda kidogo. Piano haipandi. Wakishapiga nyimbo mbili tatu, mwambie mmoja wao apige noti ndefu, upandishe piano mpaka ule mtetemo wa mapigano utulie. Mkimaliza, irudishe 440. Andika kwenye karatasi uibandike, kwa sababu kesho utasahau na piano itakumbuka.

Umeme. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Adapta ya umeme ya piano si ya kuazima. Angalia vitu vitatu vilivyoandikwa: volti, ampea, na ule mchoro mdogo wa duara wenye alama ya kujumlisha na ya kutoa, unaoonyesha ncha ya katikati ni chanya au hasi. Volti zilingane kabisa, ampea zisipungue, na mchoro ufanane. Kampuni zinatofautiana hapa pia. Adapta inayoingia tunduni vizuri inaweza kuwa imegeuza chanya na hasi, na hilo linaua piano kwa kuwashwa mara moja. Andika jina la piano kwenye adapta yake kwa kalamu isiyofutika. Umeme ukikatika katikati ya ibada, chomoa piano ukutani. Kinachoua si kukatika, ni kurudi. Na jenereta iwashwe kwanza, itulie, ndipo uchomeke.

Piano ikizima yenyewe wakati wa mahubiri, msiiombee wala msiifungue. Nyingi zinajizima zisipoguswa kwa muda, mara nyingi dakika 30, ili kuokoa umeme. Mhubiri akizidisha hapo, inalala. Kwenye P-45 unashikilia kii ya kwanza kabisa kushoto wakati wa kuiwasha, na tabia hiyo inaondoka.

Mafundi mitambo, kwenu machache tu. Ukichukua sauti kutoka tundu la hedifoni, tumia waya wa stirio unaogawanyika kushoto na kulia. Jeki ya mono humo inauziba upande mmoja. Piano ikiwa na matundu mawili nyuma na una njia moja tu ya miksa, tumia lile lililoandikwa L/MONO. Mvumo wa chini unaosikika hata piano ikinyamaza, mara nyingi unatoka kwenye piano na miksa kuchukua umeme sehemu mbili tofauti, au kompyuta inayochajiwa ikiwa imeunganishwa. Weka vyote kwenye soketi moja, chomoa chaja, sikiliza. Na mkumbuke, ukishachomeka kwenye hedifoni spika za piano zinazima, kwa hiyo mpiga kinanda hajisikii. Mwekee spika yake. Mpiga kinanda asiyejisikia anagonga kii kwa hasira, na kii hizo zinazeeka kabla ya wakati.

Yule kijana alirudi siku ya Pentekoste. Nilimpelekea ile adapta ya dhahabu nyumbani kwao, mama yake akiwa amekaa pale pale, nikamwonyesha ilivyokuwa tunduni, nikamwambia mbele ya mama yake kwamba hakuua kitu. Aliishika muda mrefu bila kusema neno. Waya bapa tuliubadilisha wenyewe, mimi na yeye, kwa waya kutoka kwenye piano nyingine iliyokufa. Ndiyo hii ambayo mpira wake unazunguka mikononi mwenu.

Sasa tunaifungua moja. Ile pale mezani imeletwa na kigango jirani, kii nne zinapiga kelele, zimetawanyika, wimbo wa mfano unalia vizuri, tundu la hedifoni nimeliangalia. Kwa hiyo tumestahili kuifungua. Imechomolewa ukutani tangu asubuhi. Naomba trei ile ya mayai: kila skrubu inakwenda kwenye kishimo chake kwa mpangilio iliyotoka, maana ndefu ikirudi mahali pa fupi inatoboa bodi. Spiriti ni hii ya isopropili, isiyo na rangi. Petroli na mafuta ya kulainishia vikae nje ya ukumbi huu. Bodi tutaipangusa kwa pamba yenye spiriti kidogo, duara nyeusi za mpira kwa pamba kavu, bila kusugua. Wawili wenye mikono mitulivu waje upande huu, na wewe binti mwenye simu, sogea karibu na taa. Kila waya tutakaougusa, upige picha kwanza.